Pawa Iliyozimikia Kivaa

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya Kyumbi nilikabidhiwa mpira wa kupitishia petroli, mrefu kama kidole, mweusi, uliotolewa kwenye msumeno wa mnyororo, ule watu wa kwetu wanauita pawa. Nikaambiwa niseme una shida gani. Niliutazama. Nikaupuliza. Nikaunusa, nikajuta. Mwishowe nikasema hauna shida yoyote. Aliyenipa akauchukua, akaukunja kati ya vidole viwili, na nyufa zikafunguka mgongoni mwake kama kisigino cha mtu anayelima bila viatu.

"Sasa?" akaniuliza.

"Sasa naona."

"Hapana. Sasa umeonyeshwa. Kuona bado."

Huyo alikuwa Mwalimu Katumbi. Hakuwahi kushika chaki, lakini karakana nzima ilimwita Mwalimu, na yeye hakukataa. Alianza kazi akiwa mpishi katika misheni moja iliyokuwa na mashine ya kupasua mbao. Fundi wa mashine alipougua ikagundulika kwamba mpishi, katika miaka yote ya kumpelekea chai, alikuwa akikaa pale dakika tano zaidi ya zile zinazohitajika kupokea kikombe. Akaingia kazini na hakurudi jikoni tena. Mimi nilifundishwa kila kitu na mwanamke yule. Naomba mlikumbuke hilo mnaposoma yanayofuata, kwa sababu mimi mwenyewe nililisahau, na mpaka leo sielewi nililisahau vipi.

Nyinyi mliobaki pale mmeniomba niandike miaka yangu ya kazi. Sitaandika nilipandishwa cheo lini. Karakana yetu ilikuwa na vyeo viwili tu, anayeshika spana na anayeshika tochi, na wa pili ndiye aliyelaumiwa. Nitaandika kuhusu mpira wa petroli, kwa sababu ndio uliotuletea wateja wengi, na ndio ulionivua nguo mbele ya watu.

Miaka ya mwanzo Mwalimu hakuniruhusu kugusa kabureta. Alinipa mipira tu. Mwaga petroli yote kwanza, alisema, na ufute tangi kwa nje, maana uchafu ukiingia ndani wewe ndiye uliyeuingiza. Vuta chujio kwa ndoano ya waya kupitia mdomo wa tangi. Chomoa mpira wa zamani polepole, na usiutupe. Uweke juu ya meza kando ya mpya uone urefu. Mpya ukate ncha mshazari kama kalamu, uupake tone la oili, uupitishe kwenye tundu, kisha uushike kwa koleo ya mdomo mrefu kutoka upande wa pili. Usiuvute kwa meno. Nilimwona fundi mmoja akiuvuta kwa meno, akanywa petroli, na siku hiyo hakuna aliyekubali kukaa naye karibu na jiko.

Ukimaliza, tikisa tangi usikie chujio kikigonga kila kona. Kisipogonga, mpira ni mfupi, na mteja atakapoinamisha pawa petroli itabaki upande huu na chujio upande ule. Ukiwa mrefu kupita kiasi utajikunja. Na ukiwa na ufa, kabureta itanyonya hewa badala ya petroli, injini itapaza sauti kama mtu aliyefurahi sana, na muda mfupi baadaye pistoni itashika, isisogee tena. Mwalimu alisema pawa inayoimba juu kuliko kawaida haina furaha, ina kiu. Basi nikaishi na maneno hayo, nikayafanyia kazi, na yalitosha kwa miaka mingi.

Mwalimu alipostaafu akarudi kwao Kithimani kulima nyanya. Mimi nikabaki mkubwa wa karakana. Nilikuwa mtu wa kuulizwa, na mtu wa kuulizwa hupata ugonjwa mmoja mbaya: anajibu kabla hajajua.

Mama Mwikali alikuja kutoka Kivaa akiwa amefunga pawa ndani ya gunia. Mumewe ndiye aliyekuwa akikata miti kule. Alipopata kazi kiwandani Athi River, pawa ilibaki nyumbani imening'inia jikoni. Wiki ya pili Mama Mwikali aliiteremsha, akaiwasha, akakata mti wa jirani uliokuwa umeangukia choo. Watu wakacheka, kisha wakaanza kumwita. Alipofika kwetu pawa ilikuwa ngumu kuwaka na inaimba juu. Niliukunja mpira wake, nyufa zikafunguka. Nikakata mpya kwenye roli, mpira mrefu uliozungushwa, tuliyokuwa tumenunua karibuni, mpira wa rangi ya njano, laini, unaoonyesha petroli ikipita ndani yake. Nikaufunga. Pawa ikatulia. Akaenda.

Baada ya siku chache akarudi.

"Fundi, sasa inawaka vizuri kabisa. Lakini nikikata kama dakika kumi, inazima. Nikiiweka chini ipumzike, inawaka tena. Halafu inazima tena."

Nikasema ni pumzi ya tangi. Tangi lina kitundu cha kuingizia hewa, na kikiziba petroli haitoki. Nilikisafisha. Nikaiwasha pawa pale karakanani, nikakatia gogo la mgrevilea mpaka tangi likaisha, nikajaza, likaisha tena. Haikuzima. Nikamrudishia na maneno mengi.

Wiki iliyofuata alikuwa amesimama mlangoni tena, na gunia lake.

Hapo nikachanganyikiwa. Nilifungua kabureta nikaiosha, nikabadilisha plagi, nikabadilisha chujio. Nikakatia gogo jingine. Ilikula ule mti kama mtu aliyefunga Kwaresima nzima. Jirani zetu wauza matikiti maji walikuja kulalamika kelele. Haikuzima hata mara moja. Nikamtazama mama yule aliyekaa kwenye benchi na gunia mapajani, na kwa kuwa mashine ilikuwa haina kosa, na mimi nilikuwa sina kosa, nikaona amebaki mmoja.

"Mama Mwikali, petroli na oili anachanganya nani?"

"Ni mimi."

"Unapima na nini?"

"Na ile chupa nilinunua hapa kwenu. Iko na alama."

"Labda unapima, lakini si vizuri. Kuchanganya kunataka mtu amezoea hii kazi."

Alikuwa anaangalia pawa, wala si mimi.

"Sawa, Fundi," akasema. "Nitapima tena."

Alipoondoka sikuwa na raha, na sikujua kwa nini. Nikampigia Mwalimu Katumbi simu. Nilimweleza yote, kwa fahari kidogo, jinsi nilivyobadilisha hiki na kile. Nilisikia kuku nyuma yake.

"Inazimikia wapi?" akauliza.

"Kwake. Kivaa."

"Na wewe umeitafutia wapi?"

"Hapa."

"Nzioka," akasema, "mtu akipoteza mbuzi Masinga, unamtafutia Kyumbi kwa sababu wewe ndiko unakokaa?"

Nikamwambia nitaenda Kivaa nikipata nafasi. Sikuipata. Au niseme ukweli: niliipata mara mbili na nikaitumia kwa mambo mengine, kwa sababu sikutaka kwenda mbali hivyo kuambiwa sijui kazi.

Siku ya kumi hivi simu ililia asubuhi, tukiwa hatujamaliza chai.

"Fundi," Mama Mwikali akasema. Sauti yake ilikuwa ya chini, kama mtu anayeongea kanisani. "Imezima. Na mti uko nusu."

Mvua ilikuwa imelegeza mgunga mkubwa kando ya kanisa la kwao, ukaegemea paa. Chini ya paa hilo ndimo watoto wa nasari walimokuwa wakisomea. Wazee wa kanisa walibishana siku mbili kama wamwite yeye au wamtafute mwanaume wa Matuu, na mwishowe wakamwita yeye kwa kuwa alikuwa karibu. Wakafunga kamba juu ya mti ili wauvute upande wa shamba. Alikuwa amekata zaidi ya nusu pawa ilipozima. Akangoja, akaiwasha, ikazima tena. Sasa mti ulikuwa umesimama kwa kile kilichobaki, wanaume wameshika kamba, na hakuna aliyethubutu kuiachia.

Nilichukua mkoba wa vyombo na kipande cha roli ile ile, nikatafuta gari. Nilifika kabla ya adhuhuri. Joto la kule chini mnalijua. Watoto walikuwa wamepelekwa nyumbani. Wanaume wapatao kumi walikuwa wamekaa shambani mwa kunde wakiwa wameshika kamba, miguu wameikita ardhini, jasho linawatiririka. Kila upepo ulipopita mti ulitoa sauti ndogo, kama mlango unaofunguliwa na mtu asiyetaka kusikika.

Mwenyekiti wa kanisa, Bwana Kimeu, alinisalimia kwa mkono mmoja. Wa pili ulikuwa kwenye kamba.

"Tulisema tuite mtu wa Matuu," akaniambia, mbele ya Mama Mwikali.

Pawa ilikuwa juu ya gunia, kivulini. Nikavuta kamba yake ya kuwashia mara moja. Ikawaka.

Nataka mwelewe kilichotokea hapo. Pawa iliwaka kwa mkono wangu, mvuto mmoja, ikanguruma vizuri. Watu wote wakamgeukia Mama Mwikali. Bwana Kimeu akaguna. Na mimi, niliyekuwa nimekuja kutafuta ukweli, nilisikia raha. Ilidumu kama muda wa kumeza mate, lakini niliisikia. Mama Mwikali aliificha mikono yake ndani ya aproni.

"Iache iwake," akasema mwishowe. "Ikate kitu. Juani."

Nikachukua tawi nene lililokuwa limeanguka, nikaanza kulikata vipande pale juani, kifuniko cha injini kikiwa kimefungwa. Vipande vikaongezeka. Shati likalowa. Nilikuwa nimeanza kutunga maneno ya kumwambia pawa ilipobadilisha sauti, ikapanda juu, ikakohoa, ikafa.

Nilifungua kifuniko haraka sana nikaunguza kidole. Mpira wa njano ulikuwa umelala bapa, umeshikana kuta mbili, kama utumbo wa kuku. Na huku nikiutazama, polepole, ukaanza kujaa, ukarudi kuwa duara. Baada ya muda mfupi ungeapa haujawahi kuwa na shida maishani.

Nikabaki nimechuchumaa pale. Joto la injini na joto la Kivaa vilikuwa vikiulainisha, kabureta ikiunyonya unajifunga, ukipoa unafunguka. Kwetu haukujifunga kwa sababu nilikuwa naipima pawa kivulini, upepo wa Kyumbi ukipita, tena kifuniko nimekitoa kabisa. Nilikuwa nakitoa ili nione vizuri.

"Ni nini?" Mama Mwikali akauliza. Alikuwa ameinama karibu nami.

Jibu rahisi lilikuwepo. Ningesema, ni joto la huku kwenu, na lisingekuwa uongo. Nililiweka mdomoni. Ndugu zangu, nililionja kabisa.

"Mpira ni mbaya," nikasema. "Ni ule nilikuwekea mimi. Wewe umepima vizuri siku zote."

Akawatazama watu wa kamba.

"Sema kwa nguvu," akasema.

"Mpira niliouweka ni mbaya!" Nilisimama, nikawageukia watu wa kamba. "Bwana Kimeu, huyu mama hana kosa. Kosa ni langu. Mara tatu ameniletea hii mashine na mimi nikamwambia hajui kuchanganya petroli."

Mzee mmoja akasema, "Haya, tumesikia, lakini mikono inauma."

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba sikuwa na mpira mwingine. Kipande nilichobeba kilikuwa cha roli ile ile. Nikaomba mpira wa petroli wa pikipiki iliyokuwa pale. Ulikuwa mnene, haukuingia kwenye tundu la tangi. Mti ukatoa ile sauti yake tena. Nilizunguka pale kama mtu aliyeangusha funguo. Nilichohitaji ni kitu cha kukaa ndani ya mpira kiuzuie kujifunga, kitu chembamba, cha chuma, chenye kujiviringa. Nikauliza kama kuna mtu ana springi ndogo ya aina yoyote. Wakaniletea kalamu, springi yake ilikuwa nene. Ndipo nikaona, kupitia dirisha la kanisa, gita limening'inia ukutani.

Mpiga gita wa kwaya, kijana mpole anayeitwa Josphat, alikuwa kwenye kamba pia.

"Nipe uzi mmoja wa gita," nikamwomba. "Mwembamba kuliko zote."

"Ai! Huo ndio unaimba juu, na Jumapili tuko na harusi."

"Josphat," Bwana Kimeu akasema, "bila huu uzi hiyo harusi itakuwa nje, chini ya jua."

Nilikata ule uzi, nikauviringisha kwenye spoki ya baiskeli, mzunguko kando ya mzunguko, mpaka ukawa springi ndefu ya kutosha. Mama Mwikali alinishikia ncha. Nikauloweka kwenye oili, nikausukuma ndani ya mpira mpya kidogo kidogo, vidole vinateleza. Tukiwa hapo, vichwa vimekaribiana, akaanza kuongea bila kunitazama.

"Ile siku nilitoka kwako nilipima na kikombe cha dawa ya mtoto. Mara tatu. Halafu nikampa Mwikali apime, kwa sababu anasoma na ana macho. Akapata kama mimi. Na bado nikasema labda sisi wote hatuoni." Akafuta oili vidoleni kwa aproni. "Leo ilipozima ndani ya mti, Fundi, sikuwaza mti. Niliwaza, ni kweli alivyosema, hii mikono yangu iko na shida."

Nilisema, "Pole, mwaitu." Kwetu neno hilo ni la kumwita mama mzazi, na yeye ni mdogo kwangu kwa miaka mingi. Lilitoka lenyewe.

Mpira ulipokaa mahali pake ndani ya pawa, nikamwambia nitamalizia mti mimi, kwa usalama. Akakataa.

"Wewe umejua mpira. Mti najua mimi."

Akavaa kofia, akaenda pale. Nikasimama nyuma yake, na sijawahi kusikiliza mashine vile. Nilihesabu dakika moyoni. Ya tano. Ya nane. Alikuwa anakata polepole, anatoa pawa, anagonga kabari ya mti kwa nyuma, anarudi. Ya kumi. Sauti ikapanda kidogo, nikapiga hatua mbele, kumbe alikuwa amekaza tu gesi. Ya kumi na mbili. Akainua mkono wa kushoto, akapiga kelele kwa Kikamba wavute, na wanaume wakavuta kama watu wanaotaka kurudi nyumbani. Mgunga ukafikiri kidogo, ukageuka, ukaanguka wote kwenye kunde. Paa halikuguswa. Tawi moja tu lilipitisha vidole vyake kwenye kioo cha dirisha, kikapasuka.

Bwana Kimeu aliachia kamba, akatazama viganja vyake vilivyochubuka, kisha akamwendea Mama Mwikali na kumuuliza kama anaweza kuja pia kutazama mkuyu mmoja ulio kwa shemeji yake. Nadhani hiyo ndiyo ilikuwa namna yake ya kuomba msamaha.

Niliporudi Kyumbi nilitoa roli yote ya njano nikaipima juani, ndani ya debe jeusi. Kipande kimoja kililainika, cha pili kililainika, cha tatu kikabaki kigumu kama kawaida, cha nne kikalainika. Roli moja. Niliyeinunua kwake alikuwa ameshahama. Mpaka leo sijui ilikuwaje, na nimewauliza watu wengi wanaojua plastiki. Tangu hapo hakuna mpira ulioingia kwenye pawa ya mtu bila kukaa kwanza siku mbili ndani ya petroli kwenye lile debe, na wale mliokuwa mkinicheka mkisema napika mpira, sasa mnajua nilikuwa napika nini.

Kisha nikaanza kuwatafuta wote niliowafungia roli ile. Hatukuwa na kitabu cha majina. Tulikuwa na kumbukumbu. Nilikwenda kwa mwenye mbao wa mjini, kwa masista, kwa mzee wa Mua Hills aliyenifukuza akidhani nataka kumuuzia kitu. Wengine pawa zao hazikuwa zimezima hata siku moja, wakashangaa nimekuja kuwatibu wakiwa wazima. Mmoja alikuwa ameshaiuza yake kama chuma chakavu, akiamini imekufa.

Ila mmoja sikumpata. Ni mtu mrefu, mpole wa kuongea, alipita akielekea upande wa Garissa, na nilimfungia mpira huku tukizungumza habari za mbuzi. Sikumuuliza jina. Nimejaribu kuikumbuka sura yake, na kila nikijaribu inabadilika. Huenda pawa yake haikuzima kamwe. Huenda ilizima akiwa juu ya mti, au chini yake, na mtu fulani aliyesimama kando akamwambia hajui kazi, naye akaamini.

Kwa hiyo akija mtu wa namna hiyo, na mkifungua mkute mpira wa njano, msimwulize anachanganya vipi petroli. Mbadilishieni mpira. Halafu mwambieni alikuwa anapima vizuri.